Kabla Hujamwambia Apunguze Uzito: Mafunzo Niliyopata Katika Kliniki za Tawa

Wewe unayeanza kazi ya uuguzi au utabibu pande hizi za Tawa umeshafundishwa kupima uzito na kimo, kupiga hesabu, na kujua kwamba 25 ni uzito uliozidi na 30 ni unene uliopita kiasi. Hayo unayajua vizuri kuliko nilivyoyajua mimi nilipovaa sare kwa mara ya kwanza. Ambacho hatukufundishwa, mimi na wewe, ni la kusema baada ya hesabu hiyo.

Nilipoanza kazi katika zahanati za milima ya Mbooni, hapa kaunti ya Makueni, hofu yetu ilikuwa mtoto aliyekonda. Kadi ya kliniki ilichorwa kwa ajili yake, uji wa lishe uliletwa kwa ajili yake, na mikutano yetu ilimhusu yeye. Mtu mzima mwenye mwili tulimhesabu kuwa amebarikiwa. Kisha mambo yakageuka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba Wakenya 27 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopita kiasi, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya 38. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wakiwa hivyo. Mama wa namna hiyo hayuko Nairobi peke yake. Ameketi kwenye benchi la kliniki ya presha na sukari hapa Tawa, ameshika daftari lake, anakungoja wewe.

Haya ninayoyaandika nilifunzwa zaidi na wagonjwa. Mengine yana maneno mengi kwa sababu yalinichukua miaka kuyaelewa.

1. Mizani isikae mbele ya watu

Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, mizani ilikuwa kwenye ujia, ikitazamana na benchi. Mmoja wetu alisoma kilo kwa sauti, mwingine akaandika. Ulikuwa utaratibu wa haraka, na foleni ilikuwa ndefu. Siku moja alipanda mama mmoja, kiongozi wa kwaya kanisani kwao, mtu aliyezoea kusimama mbele ya umati. Alivua viatu, akavua sweta, akampa jirani mkoba wake, akafungua kilemba. Kilo zikatajwa. Mtu fulani kwenye benchi akaguna. Mama akavaa viatu vyake taratibu, akachukua daftari, akatoka langoni. Alikuwa amekuja kuchukua dawa za presha, nazo zilikuwa zimemwishia.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa amemtukana. Hatukusema neno lolote baya. Utaratibu wenyewe ndio uliosema.

Tangu hapo nimeamini kwamba mazungumzo ya uzito huanza kwenye samani kabla ya kuanza kinywani. Sogeza mizani nyuma ya pazia au ndani ya chumba. Andika kilo bila kuzitangaza, na muulize mgonjwa kama angependa kuzisikia. Weka kiti kimoja kipana kisicho na mikono. Na tafuta ule mkanda mpana wa mashine ya presha, kwa maana mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo. Nimewaona watu wakiongezewa dawa kwa sababu ya mkanda usiowatosha. Mgonjwa ambaye mkanda unafunguka wenyewe kila unapojazwa upepo anaelewa kwamba chumba hiki hakikutengenezwa kwa ajili yake, na yote utakayomwambia baadaye atayasikia kupitia hisia hiyo.

2. Omba ruhusa, kisha sema kwa kifupi

Kulikuwa na mama wa duka la nafaka aliyekuja mara kwa mara kwa ajili ya magoti. Kila mara aliondoka na vidonge vya maumivu. Kila mmoja wetu aliyemhudumia aliona tatizo na akalinyamazia, kwa adabu. Tulidhani tunamheshimu. Siku moja, foleni ikiwa fupi, nilimwambia: “Mwaitu (mama), ungependa tuongee kidogo kuhusu uzito na haya magoti yako, au tuyaache kwa leo?” Akanitazama. “Sista,” akasema, “nimekuja hapa miaka yote hii nikisubiri mmoja wenu aniulize.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au machozi. Sikujiandaa kwa shukrani.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016, uliofanywa katika vituo vya madaktari wa kawaida. Madaktari 137 walizungumza na wagonjwa karibu 1,900 waliokuwa wamefika kwa shida nyingine kabisa. Mazungumzo ya uzito yalichukua nusu dakika tu mwishoni mwa matibabu. Wagonjwa 81 kati ya 100 walisema yalifaa na yaliwasaidia. Walioona kwamba hayakufaa wala kuwasaidia walikuwa wanne tu katika umati ule wote. Na kuna jambo jingine la kuzingatia: wale walioambiwa tu kwamba kupunguza uzito kungewafaa walipungua kilo moja hivi baada ya mwaka, lakini wale ambao daktari aliwapa nafasi kwenye kikundi cha kila wiki na kuhakikisha wamepangiwa siku walipungua karibu kilo mbili na nusu. Nusu dakika ile ile, lakini moja ilitoa ushauri na nyingine ikafungua njia.

Basi mpangilio wangu ukawa huu. Kwanza natibu kilichomleta. Mtu akija na maumivu ya sikio, natazama sikio. Mgonjwa mnene anajua vizuri sana yule mhudumu anayelaumu uzito kwa kila kitu, na akishamtambua hamwambii tena lolote. Pili naomba ruhusa. Tatu nasema jambo moja linalohusu shida yake mwenyewe. Kwa mama wa nafaka nilimweleza kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Hilo alilichukua haraka, maana kazi yake ni kubeba na kupima magunia. Akisema hapana, namjibu: “Sawa, mwaitu. Siku utakayotaka, niulize.” Sikumbuki aliyechukizwa na jibu hilo, na nawakumbuka kadhaa waliorudi kuuliza.

3. Mwili mkubwa una historia katika nchi hii

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mafunzo ya darasani yanapoishiwa na maneno.

Ukambani ni nchi ya njaa zenye majina. Wazee walihesabu umri wao kwa majina hayo. Ngomanisye, ile ya mwaka 1898 na 1899, bado inatajwa na watu ambao babu zao walikuwa hawajazaliwa. Wenye umri wangu tunaikumbuka ya 1984 na mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng’ambo. Katika nchi kama hiyo, mwili mnene ni habari njema. Unasema kwamba mvua ilinyesha, kwamba mume anafanya kazi, kwamba mke anatunzwa. Bibi harusi aliyekonda mwaka mmoja baada ya arusi huwaletea aibu watu wa upande wa mume.

Kisha katika miaka ya tisini ukaja ukimwi. Tuliwazika vijana waliokuwa wamekonda hadi mifupa ikaonekana. Tangu wakati huo kukonda kukapata maana ya pili, mbaya kuliko ya kwanza.

Sikuwa nimeyaunganisha haya mpaka nilipomhudumia mwanamke mmoja wa umri wa makamo, mwenye sukari, aliyefuata kila tulichokubaliana. Alitembea, alipunguza sukari kwenye chai, nguo zikaanza kumpwaya. Vipimo vyake vilikuwa vizuri kuliko vya mtu yeyote katika kliniki yetu. Nilimtumia kama mfano kwa wengine. Siku moja akaja mama mkwe wake, akaketi, akapunguza sauti, akaniuliza kama mkaza mwanawe ana “ule ugonjwa”. Kijijini walikuwa wameshaamua. Wengine walikuwa wameacha kununua mandazi yake. Miezi michache baadaye yule mwanamke aliniambia kwamba ameamua kurudisha mwili wake. Alisema bila majuto: afadhali sukari, ambayo haionekani, kuliko jina lile.

Hakuna kijitabu nilichowahi kusoma kilichonitayarisha kwa jibu hilo. Vijitabu vinadhani kila mtu anataka kupungua na anachokosa ni nguvu. Yeye alikuwa na nguvu tele. Alichokosa ni kinga dhidi ya midomo ya watu.

Kwa hiyo nilianza kuuliza mapema: “Ukipungua, ni nani nyumbani atakayeshtuka?” Swali hili hufungua mambo ambayo mizani haiwezi kuyafungua. Akimtaja mume, namwomba mgonjwa aje naye. Akimtaja mama mkwe, tunatafuta pamoja maneno atakayoyasema, kwa mfano: “Hii ndiyo dawa ya sukari niliyopewa hospitalini, na inafanya kazi.” Nimeona mama mkwe aliyekaribishwa kliniki akiwa mlinzi mkali wa chakula cha mkaza mwanawe kuliko muuguzi yeyote. Vilevile niliacha kabisa kuuita unene ubaya au aibu. Sina haki ya kumwambia mtu kwamba mwili ambao mama yake aliuombea ni kosa. Naongea kuhusu presha, sukari, magoti, pumzi inayokata akipanda kilima, mimba iliyokuwa na matatizo. Hayo anayahisi mwenyewe.

Na upande wa pili usisahaulike. Anayepungua bila kujaribu si wa kupongezwa. Mpime kifua kikuu, sukari, virusi vya ukimwi, na umchunguze kwa makini. Wanakijiji hukosea wanapodhani kila kukonda ni ugonjwa, lakini nasi tukiona kila kukonda kuwa mafanikio tutakosea vibaya zaidi.

4. Anza na kilichopikwa jana

Ukutani kwetu kulikuwa na chati ya lishe yenye picha za matunda ya nchi za baridi na mboga ambazo hazijawahi kuuzwa katika soko la Tawa. Wagonjwa waliitazama kama watu wanavyotazama kalenda ya mwaka uliopita.

Nilijifunza kuuliza hivi: “Jana, tangu ulipoamka, ulikula nini?” Kisha nikae kimya. Susu mmoja, yaani bibi mzee, alinieleza siku yake kwa utulivu. Asubuhi chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, na mandazi mawili. Saa nne chai tena. Mchana muthokoi uliobaki, yaani mahindi yaliyokobolewa. Alasiri chai. Usiku ugali na mboga iliyokaangwa, na chai ya kulalia. Aliniambia kwamba hali kitu, anaonja tu. Na kweli, ukitazama sahani hakula kingi. Lakini vijiko 12 vya sukari kwa siku, kila kimoja gramu nne hivi, ni karibu mara mbili ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ndizo bora kutozidi. Hatukugusa chakula chake kingine. Tulikubaliana kuhusu chai tu: kijiko kimoja kwa kila kikombe, na kile cha usiku bila sukari. Alilalamika wiki mbili, kisha ulimi ukazoea.

Chai yenye sukari ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama katika nyumba nyingi za huku. Mafuta ya kupikia ni ya pili. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori karibu 120, na mama anayemimina kutoka kwenye mtungi hajui amemimina vijiko vingapi. Tulijaribu kupima kwa kijiko, na wengi walishtuka wenyewe pasipo mimi kusema lolote.

Kuhusu chakula chenyewe, shamba la Mkamba lina karibu kila kitu unachohitaji kumshauri. Kunde, mbaazi, ndengu, majani ya kunde, boga. Muthokoi ni mtamu, lakini hindi lililokobolewa limepoteza ganda lake. Isyo ya mahindi yenye ganda, yenye maharagwe au mbaazi nyingi kuliko mahindi, hushibisha kwa muda mrefu zaidi. Linaloniuma ni kwamba familia nyingi huuza ndengu na mbaazi zao zote wakati wa mavuno, kisha pesa hizo zinanunua unga mweupe, sukari na soda. Usiwalaumu. Karo ya shule hailipwi kwa ndengu. Waambie tu wabakize debe moja la nyumbani. Maembe nayo yanapojaa Makueni nzima, shauri tunda lililiwe kama tunda, moja baada ya chakula, na sharubati iachwe.

Kuna mambo mawili ambayo hujifunzi mpaka uende nyumbani kwao. La kwanza, sufuria ni moja. Huwezi kumwandikia mama chakula chake peke yake wakati anapikia watu tisa. Ushauri unaofaa ni ule unaoweza kuliwa na watoto na mume pia, na mara nyingi anayenunua mafuta na sukari ni mume, ambaye hujawahi kuongea naye. La pili, unene si ushahidi wa shibe. Mgonjwa wako mnene anaweza kuwa amelala njaa mwezi uliopita. Anaruka chakula cha mchana ili watoto wale, kisha usiku anashindilia ugali mtupu kwa sababu mboga imekauka shambani. Muulize kama kuna siku chakula kiliisha. Ukipata jibu la ndiyo, maneno ya kupunguza chakula yaweke kando, na uzungumze naye jinsi ya kukausha majani ya kunde wakati wa mvua ili kiangazi kisimkute na unga peke yake.

5. Tazama dawa tulizompa sisi

Wanawake walituambia kwa miaka mingi kwamba sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi inawanenepesha. Tuliwajibu kwamba ni chakula. Ukweli ni kwamba wapo ambao huwanenepesha kweli. Si wote, lakini yule anayeongeza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 ya kwanza yuko katika hatari ya kuendelea kuongezeka. Kumpima katika miezi hiyo na kumweleza kuhusu koili au njia nyingine ni kazi ya dakika chache.

Dawa za virusi vya ukimwi ni vilevile. Kenya ilianza kueneza mchanganyiko wenye dolutegraviri mwaka 2018. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi, wala sitaki mtu aiache. Lakini tafiti za Afrika Kusini na Kameruni zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba wanaoitumia huongezeka uzito, wanawake zaidi kuliko wanaume. Wagonjwa wetu walikuwa wa kwanza kutuambia. Mmoja alikuja akicheka kwa furaha kwamba sasa hakuna atakayemshuku, na mwaka uliofuata akaja na presha.

Orodha inaendelea: insulini, glibenklamaidi, vidonge vya steroidi, amitriptilini na baadhi ya dawa za akili na kifafa. Metformini haiongezi uzito. Kabla ya kumwambia mtu ajitahidi, fungua daftari lake usome tulichomwandikia. Akielewa kwamba sehemu ya kilo hizo imetoka kwenye dawa, anaacha kujiona mvivu. Na mwonye waziwazi asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Kazi ya kutafuta mbadala ni yetu.

6. Kilo chache zinatosha

Mwalimu mmoja mstaafu mwenye kilo 96 aliniambia kwamba anataka arudi kwenye kilo 65 alizokuwa nazo akiwa chuoni. Nilimwambia tuanze na tano. Alinitazama kana kwamba nimemdharau.

Lakini asilimia 5 hadi 10 ya uzito hushusha presha na sukari kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusu watu waliokaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kukipata kwa asilimia 58, na wale waliopewa metformini kwa asilimia 31. Mwalimu alielewa hesabu. Alipopungua kilo sita na presha ikashuka, hakuzitaja tena zile 65.

Utepe wa fundi cherehani ni kifaa kizuri kuliko tunavyodhani. Kiuno kikizidi nusu ya kimo, kuna la kuzungumza, hata kama kilo zinaonekana za kawaida. Wanaume wa Tawa wenye miguu myembamba na tumbo kubwa mbele hunaswa hapo, nao ndio huwa hawaji kliniki kabisa.

7. Miguu iliyopumzika

Hili ni fupi. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikafika kila kona ya vilima vyetu. Maji nayo yalisogea karibu: mabwawa ya mchanga kwenye mito, visima, matangi. Ni baraka, na sitawahi kumwambia mwanamke arudi kubeba mtungi kwa kamba kichwani. Lakini mwili uliokuwa ukipanda na kushuka vilima kila siku sasa unakaa. Uliza mgonjwa anapanda boda kwenda wapi. Safari moja ya sokoni kwa miguu, ya kwenda tu, mzigo urudi kwa pikipiki, watu wengi waliikubali. Mazoezi ya kukimbia hakuna aliyeyakubali, na wenye magoti mabovu wasishauriwe.

8. Usimwache aende bila tarehe ya kurudi

Tulikuwa na mazoea ya kushauri mara moja, kwa bidii, na kuandika kwenye daftari “ameshauriwa kuhusu uzito”. Kisha hatuulizi tena. Hakuna anayemwandikia mtu dawa ya presha ya siku moja. Unene ni hali ya kudumu vilevile. Mtu akipungua, mwili hupigana kurudi ulikotoka: njaa huongezeka, nguvu zinazotumika hupungua. Anayerudisha kilo zake si mwongo wala mlegevu. Nilimwona mama mmoja akikwepa kliniki kwa sababu alikuwa amerudisha kilo nne na alijua tutamuuliza kwa sauti gani. Alipokuja mwishowe nilimwambia nimefurahi kumwona, tukaanza upya. Ukigomba, utabaki na wale tu wanaofaulu.

Jambo lililofanya kazi vizuri kuliko yote halikutoka kituoni. Sisi tuna mwethya. Wanawake huchimba matuta pamoja, hujengeana, huchangiana. Katika kijiji kimoja kikundi cha mwethya kiliomba tuwapime presha siku ya kazi, na kutoka hapo wakaanza kuulizana wenyewe habari za sukari kwenye chai. Hawakuhitaji mimi niwe hapo kila mara. Kwao kupungua hakukuwa siri ya mtu mmoja, na yale maneno ya “ule ugonjwa” yalikosa pa kushika, kwa kuwa walipungua wengi pamoja na kila mtu alijua sababu. Kile kikundi cha kila wiki ambako daktari wa Uingereza alimtuma mgonjwa wake, sisi tunacho tayari, chini ya mwembe.

Siku hizi una msaada ambao sisi hatukuwa nao. Mwaka 2016 kaunti ya Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu, MakueniCare, familia ikilipa wakati huo shilingi 500 kwa mwaka, na wengi walifika kliniki kwa mara ya kwanza wakiwa na presha ya muda mrefu wasiyoijua. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Yule wa kijiji cha mgonjwa wako anajua kama mama mkwe ni mkali, anajua siku ya mwethya, anajua nani amelala njaa. Mpe jina la mgonjwa, kwa ruhusa ya mgonjwa, na mweleze mlichokubaliana, kuhusu chai tu au kuhusu safari ya sokoni tu.

Wagonjwa watakuuliza pia kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito wanazoziona kwenye simu, na kuhusu majani na unga unaouzwa sokoni wa kukata tumbo. Wajibu bila kuwacheka. Sindano zile ni dawa za kweli zinazohitaji daktari na bei yake haimfikii mkulima wa kawaida. Unga wa sokoni hakuna anayejua kilichomo, na mwenye figo au presha asiuguse.

Nanyi mnaosimamia zahanati na vituo vya pande hizi, nawaomba mambo ambayo hayahitaji kusubiri bajeti kubwa: pazia, utepe, mkanda mpana wa presha, na siku moja kila mwezi ambapo muuguzi anaruhusiwa kutoka kwenda kwenye mwethya bila kuhesabiwa kuwa ametoroka kazi. Nawe kijana, mgonjwa wako wa kesho asubuhi, mwombe ruhusa, kubalianeni jambo moja, kisha andika tarehe ya kurudi kwenye daftari lake kabla hajainuka.